Safu ya Lugha: Asilimia na alama

Watengenezaji wa programu za simu wakishindanisha sura mbili za programu moja, utasikia hii "imepata asilimia 74" na ile "asilimia 71". Asilimia ya nini? Mia tumeipata kwa Waarabu, na asilimia ni sehemu katika kila mia. Watu 9 kati ya 12 wakituma fedha bila kukwama, hiyo ni asilimia 75, na neno limekaa mahali pake.

Ila mara nyingi kinachotajwa ni SUS, kipimo cha urahisi wa kutumia mfumo alichokibuni John Brooke huko Uingereza mwaka 1986. Mtumiaji hupewa kauli 10 akubali au akatae kwa viwango vitano. Kila jibu hugeuzwa kuwa namba kati ya 0 na 4, kisha jumla huzidishwa kwa 2.5. Kinachotoka ni alama, neno jingine la Kiarabu, lile lile la mwalimu na kalamu nyekundu. Alama 68 ni kama wastani wa mifumo mingi iliyokwisha kupimwa. Haina maana kwamba watu 68 katika mia wameridhika. Na kutoka 71 hadi 74 ni kupanda kwa alama 3, si asilimia 3, tafadhali.

Tena, kwa watu 12 pengo hilo laweza kuwa bahati tupu. Mtakwimu hataliita tofauti ya kweli kabla hajatazama waliojibu ni wangapi na alama zao zimetawanyika vipi.