Kanzu, Tai ya Kipepeo na Kaunda Suti: Nani Alikaa Mezani Melini, na Alivaa Nini?

Tunduma hakuna bahari. Kuna foleni ya malori, kuna vumbi, kuna watu wanaobadilisha kwacha na shilingi mchana kutwa, na ukivuka tu barabara uko Nakonde, Zambia. Sasa habari za mtu kuvaa nini kwenye chakula cha usiku ndani ya meli ya kifahari zinaihusu nini Tunduma?

Zinaihusu sana. Picha za meli za watalii zimejaa mitandaoni: dada kwenye gauni refu linalometameta, kaka kwenye suti nyeusi na tai ya kipepeo, pembeni glasi na taa za manjano. Meli za aina hiyo hutia nanga Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Anayetazama picha hizo akiwa Mlowo au Vwawa anadhani yale masharti ya mavazi ni mambo ya usafi na ustaarabu tu. Kumbe yana historia, na historia hiyo imebebwa na watu ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote: wahudumu, madobi, mafundi cherehani na wauza mitumba.

Sheria ilianzia wapi

Uingereza ya karne ya 19, wenye pesa walikuwa na desturi ya kubadilisha nguo kila jioni kabla ya kula. Mwanaume alivaa koti lenye mkia nyuma, shati gumu na tai nyeupe. Miaka ya 1860 duka la ushonaji la Henry Poole, London, lilimshonea mwana wa mfalme, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, koti fupi lisilo na mkia ili ale kwa raha. Likapendwa. Wamarekani wakaliita tuxedo, kutokana na sehemu iitwayo Tuxedo Park, na hilo ndilo koti linaloonekana mpaka leo kwenye picha za melini.

Meli za abiria zilipoanza kupeleka maofisa wa kikoloni Afrika Mashariki, desturi ile ikapanda nao. Kwenye meli za Union-Castle na British India zilizofika Mombasa na Dar es Salaam, abiria wa daraja la kwanza walibadilisha nguo kila jioni. Usiku wa kwanza na wa mwisho walisamehewa, maana masanduku yalikuwa yamefungwa. Wakifika Bahari ya Shamu joto linawapikia ndani ya makoti, basi wakabuni njia ya kupumua: koti linaachwa kabatini, mtu anabaki na shati jeupe na mshipi mpana wa kitambaa kiunoni. Mshipi wenyewe waliuiga India.

Sasa tazama upande wa pili. Kwenye meli hizohizo kulikuwa na abiria wa deki. Hao walilala juu ya deki, wengi wakiwa na mikeka na chakula chao wenyewe. Hao hakuna aliyewaambia wavae nini usiku, kwa sababu hakuna aliyetarajia waingie kwenye chumba cha chakula. Hapo ndipo siri yote ilipo. Sheria ya mavazi ilikuwa mlango, na suti ndiyo iliyokuwa funguo.

Waliosimama nyuma ya viti

Kuna mtu mwingine aliyekuwa ndani ya chumba cha chakula kila siku bila kukaa hata mara moja: mhudumu. Nchi nzima, kuanzia nyumba za magavana mpaka mahotelini na kwenye nyumba za mabwana shauri, sare yake ilifanana: kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mshipi wa rangi kiunoni, tarbushi nyekundu kichwani.

Na kanzu haikuwa nguo ya kitumishi. Pwani ni vazi la heshima, la msikitini, la harusini, la mzee mwenye elimu yake. Mkoloni alilichukua vazi la mtu wa kusalimiwa kwa shikamoo akalifanya sare ya mtu wa kuitwa "boi", hata kama boi mwenyewe ana wajukuu.

Wazee hao walijua kanuni za meza kuliko wageni wengi waliowahudumia. Walijua uma upi unaanza, glasi ipi ni ya nini, sahani inatokea upande gani. Walijua pia kuinyoosha shati la bwana kwa pasi ya mkaa bila kuliunguza, na kuna mabwana waliodai kubadilisha nguo kwa ajili ya chakula hata wakiwa porini ndani ya hema, simba wananguruma. Kila kilichohitajika kwa mlo wa heshima kilipita mikononi mwao. Kilichokosekana ni kiti tu.

Meli ya karibu na nyumbani

Kwa mtu wa Songwe, meli kubwa iliyokuwa karibu ilikuwa ziwani. Ukitoka Tunduma ukashika barabara ya Sumbawanga ukateremka mpaka Kasanga, ambako Wajerumani waliita Bismarckburg, unafika Ziwa Tanganyika, njia ya MV Liemba.

Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaungwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiwaachie maadui, lakini kwanza wakapaka mitambo grisi nzito ili isioze. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Nayo ilikuwa na madaraja yake: vyumba vya daraja la kwanza juu, watu na magunia chini. Ila miaka ya baadaye mgahawa wake ulipata sifa ya kuwa mahali ambapo mtalii aliyevaa kaptula, mwalimu anayehamishwa kituo na mama mfanyabiashara wa dagaa mwenye kitenge chake wanakula wali samaki chini ya paa moja. Haikutokea hivihivi. Katikati hapo kuna watu waliougombea mlango.

Vijana waliojifunza kwa macho

Kabla ya uhuru, vijana wengi wa nyanda za juu kusini, Wanyakyusa, Wanyiha, Wanyamwanga na wengine, walivuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kule waliona ubaguzi wa wazi kabisa. Kwenye mabucha ya miji ile Mwafrika haruhusiwi kuingia dukani. Anauziwa nyama kupitia kidirisha cha pembeni, na hachagui. Miaka ya 1950 watu waligomea mabucha hayo, na mwanasiasa kijana aitwaye Kenneth Kaunda akaacha kabisa kula nyama kwa sababu hiyo. Shika hilo jina, linarudi.

Jioni baada ya kazi, wachimbaji walivaa. Mwaka 1951 mtafiti J. Clyde Mitchell alitazama ngoma ya Kalela kwenye mji wa migodi wa Luanshya. Wachezaji hawakuvaa ngozi wala manyoya. Walivaa suruali zilizonyooshwa, mashati safi, tai, viatu vinavyong'aa. Mmoja alikuwa "mfalme" ndani ya suti nyeusi, mwingine "daktari" wa koti jeupe. Hata ngoma ya Beni, iliyoanzia pwani ya Kenya ikasambaa bara, ilikuwa na vyeo na sare zake.

Kuna waliowacheka, wakasema hao wanamuiga mzungu. Lakini fikiria kijana anayerudi Mbozi na sanduku moja la bati, ndani mna suti moja. Kijijini hakuna chumba cha chakula cha kwenda nayo. Anaivaa Jumapili, anapita njiani polepole, watu wote wanamwona. Anachosema bila kufungua mdomo ni kwamba yule anayekaa mezani na yeye wana umbo moja, na kilichowatenganisha ni kitambaa.

Suti isiyo na tai

Uhuru ulipokuja, swali likageuka. Sasa mlango uko wazi, kiti kipo, je, mtu akae na nguo za mwenye nyumba wa zamani?

Jibu la kusini mwa Afrika Mashariki lilitoka kwa yuleyule aliyeacha nyama. Kaunda, rais wa Zambia kuanzia 1964 mpaka 1991, alizoeleka kwa suti ya koti jepesi la mifuko, mara nyingi mikono mifupi, suruali ya kitambaa hichohicho, bila tai. Ni mdogo wake koti la safari la wakoloni, lakini likapewa mwenyewe mpya. Likaitwa kaunda suti mpaka kesho. Upande wa Tanzania, Nyerere alipenda koti la kola fupi lililofungwa mpaka shingoni, watu wakaliita chuenlai kwa jina la waziri mkuu wa China, Chou En-lai, aliyetembelea nchi mwaka 1965.

Marais hao wawili walizindua ujenzi wa reli ya TAZARA mwezi Oktoba 1970. Reli ilifika Tunduma mwaka 1973 na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Kwa watu wa Songwe, treni hiyo ndiyo ikawa meli yao. Ina vyumba vya kulala, ina madaraja, ina behewa la chakula, nje giza na milima inapita. Na ndani ya behewa lile hakuna aliyemuuliza mtu tai yake iko wapi.

Tusijidanganye lakini kwamba uhuru ulimaliza amri za mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na kujichubua. Walioumia zaidi ni wasichana, na wapo waliosumbuliwa hadharani mitaani Dar es Salaam. Mlango ulibadilisha mlinzi, na mlinzi mpya naye alikuwa na futi kamba mkononi.

Robota lafunguliwa

Baadaye kukaja uhaba. Mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, nguo na sabuni vilikuwa vya kupanga foleni, na miji ya mpakani iliishi kwa magendo. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikamwagika. Ng'ambo kule wanaiita salaula, neno la Kibemba la kuchambua kutoka kwenye rundo.

Ndo maana leo koti jeusi lenye kola ya hariri, lililoshonwa kwa ajili ya meza za wakubwa huko Ulaya, linaweza kukutwa sokoni Tunduma limetundikwa kwenye msumari, bei ya maelewano. Fundi anakaza kiuno, anapunguza mikono, anabadilisha vifungo. Kitu kilichokuwa funguo ya mlango kimekuwa cha kila mwenye macho ya kuchagua.

Sasa leo mtu avae nini?

Meli nyingi za watalii siku hizi zimelegea: shati zuri na suruali ndefu inatosha, kaptula na kandambili baki nazo kwenye bwawa. Kampuni kama Cunard bado zina usiku rasmi wa gauni refu na koti jeusi. Lakini hata huko vazi rasmi la asili ya mtu linakubalika. Maana yake gauni la kitenge lililoshonwa vizuri linaingia. Kaunda suti iliyonyooka inaingia. Na kanzu inaingia, safari hii kukaa.

Cha ajabu ni kwamba mlango unaweza kufungwa na wenyewe kwa wenyewe. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alipiga marufuku kaunda suti bungeni, akitaka koti na tai, wakati rais wa nchi hiyohiyo alikuwa anazivaa na kupendeza nazo. Kaunda mwenyewe alikuwa amefariki Juni 2021, akiwa na miaka 97. Vazi lake likaambiwa si rasmi, na walioambiana hivyo walikuwa Waafrika, ndani ya jengo lao.

Kwa hiyo atakayebahatika kupanda meli ile avae anachotaka, apige pamba mpaka taa zimwonee wivu. Ila sahani ikiletwa, amtazame anayeileta usoni, amsalimie, amuulize jina. Mikono kama ile ndiyo iliyoiweka historia hii yote mezani, na sisi tumerithi suti bila kurithi jina hata moja.

Wadau wenye babu aliyerudi na suti kutoka migodini, au bibi anayekumbuka Operesheni Vijana: mwulizeni alivaa nini siku ile, na nani alimwangalia.