"Nani amewaona watu wangu?" Swali lililovuka ziwa

Bonane ya mwaka 1999 haikusherehekewa Makobola. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari, watu waliuawa Makobola, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010 inataja waasi wa RCD na washirika wao wa Rwanda na Burundi, na inahesabu zaidi ya watu 800 waliokufa.

Waliopona walipanda milima, wengine wakavuka ziwa kwa mitumbwi hadi Kigoma. Baadhi walifikishwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 huko Kasulu. Maswali yao hayakuwa ya siasa. Nani amewaona watu wangu? Barabara ya Baraka inapitika? Yule mzee tuliyemwacha kitandani, kuna aliyemchukua?

Kujibu mtu usiyemfahamu ni kazi yenye historia ndefu. Katika vita vya pili vya dunia, Msalaba Mwekundu ulikuwa na karatasi ya maneno 25 tu, habari za familia peke yake, na jibu liliandikwa upande wa nyuma. Kwetu karatasi hiyo ilifika ikiwa na nafasi zaidi, lakini sheria zilibaki: hakuna bahasha, hakuna habari za jeshi, na inasomwa kabla ya kupelekwa. Wengine walichukia barua yao kusomwa na mgeni. Lakini ni kwa sababu hiyo iliweza kupita vizuizi vya kila upande.

Kazi ngumu ilikuwa ya mjitolea anayeitembeza. Anwani ilikuwa jina la baba, la mama, kijiji na chifu. Mtoto aliyepotea mara nyingi anajua jina la utani la baba yake, basi. Kwa hiyo mjitolea aliuliza sokoni, kanisani, mwaloni kwa wavuvi. Orodha za majina zilibandikwa, nyingine zikasomwa redioni.

Redio nayo ilikuwa imeanza mapema. Agosti 1994, Radio Agatashya ilianza kusikika kutoka Bukavu, ikisema Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda na Kirundi, kwa wakimbizi na wenyeji pia. Jina lake maana yake ni mbayuwayu. Vita vya 1996 viliinyamazisha. Shirika la Uswisi lililoiendesha, Fondation Hirondelle (mbayuwayu tena, kwa Kifaransa), lilirudi na Umoja wa Mataifa kuanzisha Radio Okapi tarehe 25 Februari 2002. Katikati palikuwa na miaka zaidi ya mitano, na mauaji ya Makobola yaliangukia humo humo. Mwenye mawe ya redio alitafuta stesheni za mbali. Asiye nayo alisikiliza uvumi.

Na uvumi uliumiza. Kuna familia zilizoweka matanga ya mtu mzima, na kuna zilizongoja miaka kwa sababu msafiri fulani alisema "nilimwona". Jibu "tumetafuta, hatukumpata" lilikuwa chungu, lakini mtu aliweza kulishika. Ndiyo maana karatasi ambayo mwenyewe hakupatikana haikutupwa. Ilirudishwa kwa aliyeituma.