Data za Ifakara zinavyolinganishwa na za nchi nyingine
Mkata miwa aliyekuja Kidatu kwa msimu ni mkazi au mgeni? Kila mradi ukijibu kivyake, takwimu zao hazilinganishiki.

Watafiti wa Ifakara walianza kufuatilia kaya za Kilombero na Ulanga mwaka 1996. Mwaka 1998 ukaundwa mtandao wa INDEPTH, unaounganisha vituo kama hicho Afrika na Asia. Lugha ya pamoja ni fupi: kuzaliwa, kuhamia, kuhama, kufa, kila tukio na tarehe yake. Hazina yao ya data, iSHARE, ilifunguliwa 2013.

Ukilinganisha vituo viwili, angalia kwanza mtu anahesabiwa mkazi baada ya miezi mingapi. Wakulima wa mpunga Kilombero hukaa miezi kadhaa kwenye vibanda vya shambani. Wakiandikwa "wamehama", mtoto akifia huko hahesabiwi popote.