Dutu Rejea ya Mesalazini

Dutu rejea ni kemikali ambayo utambulisho na usafi wake vimethibitishwa, ikatengwa ili kemikali nyingine za jina hilohilo zipimwe kwa kulinganishwa nayo. Huuzwa katika vichupa vyenye miligramu chache au mia kadhaa, pamoja na cheti. Hapewi mgonjwa wala haitengenezwi kuwa vidonge. Kazi yake ni ile ya jiwe la mizani dukani: haliuzwi, lakini bila hilo hakuna anayejua amepata kilo au robo tatu.

Mesalazini, kwa jina la kikemia asidi ya 5-aminosalisiliki, ni dawa ya kutuliza uvimbe wa utando wa utumbo mpana, hasa katika kolaitisi ya vidonda, ugonjwa unaomharisha mtu damu na kamasi, ukatulia, kisha ukarudi. Ilianza kutumika ikiwa imefichwa ndani ya dawa nyingine. Kuelekea miaka ya 1940, daktari Nanna Svartz wa Sweden, akishirikiana na kampuni ya Pharmacia, alipata sulfasalazini akiikusudia kwa baridi yabisi. Molekuli yake ni mbili zilizoshikanishwa kwa kiungo cha azo: sulfapiridini upande mmoja, mesalazini upande wa pili. Bakteria wa utumbo mpana hukikata kiungo hicho. Mwaka 1977 Azad Khan na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba kinachotibu utumbo ni mesalazini. Madhara mengi yalitokana na ile sulfapiridini. Tangu hapo mesalazini ikaanza kutolewa peke yake, ila ikimezwa bila kinga hufyonzwa mapema kwenye utumbo mwembamba, ndiyo maana vidonge vingi hufunikwa kwa utando usioyeyuka tumboni penye asidi.

Maabara inayokagua kidonge cha miligramu 400 haina chombo kinachosoma moja kwa moja kwamba ndani mna 400. Mashine ya kromatografia hutoa vilele tu, na ukubwa wa kilele hauna maana mpaka kuwe na kilele kingine cha kulinganisha. Mkemia hupima miligramu 20.0 za dutu rejea na kuziyeyusha katika mililita 100. Cheti kikisema usafi ni asilimia 99.5, mesalazini halisi mle ni miligramu 19.9. Kidonge nacho husagwa, huyeyushwa na kuzimuliwa hadi kinachotarajiwa kiwe miligramu 0.2 kwa mililita. Kilele cha kidonge kikifikia asilimia 98 ya kilele cha dutu rejea, hesabu inaleta miligramu 390 kwa kidonge. Anayesahau kuingiza ile 99.5 atapata 392. Kosa la namna hiyo ni gumu kulinasa, kwa sababu mashine haitalalamika na kila kidonge cha siku hiyo kitazidishwa kwa kiasi kilekile. Dutu hiyohiyo hutumika pia kupima ni kiasi gani cha dawa kimetoka baada ya kidonge kukaa kwenye asidi, kisha kwenye kimiminika kinachoiga utumbo.

Kuna kazi nyingine isiyohusu wingi. Asidi ya 4-aminosalisiliki, dawa ya zamani ya kifua kikuu, ina atomi zilezile na uzito uleule wa moli, gramu 153.14, tofauti ni mahali kundi la amino lilipokaa kwenye pete. Mizani haiwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo huandaliwa pia dutu rejea za vichafuzi kama hicho, na mashine hutakiwa kwanza kuonyesha kwamba inaweza kuvitenganisha vilele vyavyo na cha mesalazini kabla matokeo yake hayajaaminiwa.

Swali gumu ni hili: dutu rejea yenyewe ilipimwa kwa kutumia nini? Ile ya msingi hailinganishwi na mesalazini nyingine. Usafi wake hufikiwa kwa kutoa: katika 100 huondolewa maji, mabaki ya viyeyusho, majivu na vichafuzi vya kikaboni, kila kimoja kikiwa kimepimwa kwa njia yake. Kinachobaki huandikwa kwenye cheti, na mara nyingi huhakikiwa kwa njia isiyotegemea hesabu hiyo, kama mwangwi wa sumaku wa viini vya atomi. Kazi hii ni ya taasisi za farmakopea, kama ile ya Ulaya iliyoko Strasbourg na ya Marekani iliyoko Rockville, Maryland. Kwa kuwa vichupa vyao ni ghali, kiwanda huchagua fungu safi la mesalazini yake, hulipima dhidi ya dutu ya msingi, kisha hulitumia kila siku kama dutu rejea ya kazi.

Maabarani wengi husema tu “standadi”, na katika mazungumzo inatosha. Kwenye maandishi wapo wanaoandika “kiwango rejea”, na hapo pana kasoro. Kiwango cha mesalazini ni wingi wake katika damu au kidonge. Tena viwango, kama vinavyotolewa na Shirika la Viwango Tanzania, ni masharti yaliyoandikwa. “Sampuli rejea” nayo inapotosha, kwani sampuli ndiyo inayohukumiwa. Dutu rejea inasema wazi kwamba kinachozungumziwa ni kitu kilichomo chupani.

Uhalali wake una mipaka. Thamani iliyoandikwa inafaa kwa matumizi yaliyotajwa tu: dutu iliyothibitishwa kwa ajili ya utambulisho kwa mionzi ya infraredi haina kibali cha kupimia wingi, hata ikiwa safi kiasi gani. Mesalazini pia huharibiwa na mwanga na hewa. Unga wake unaokaribia weupe, wenye kijivu au waridi hafifu, huzidi kuwa mweusi. Ndiyo maana kichupa hufungwa barabara na kuwekwa gizani, na fungu jipya likitolewa, maabara hutakiwa kuhakikisha kwamba fungu ililonalo bado linatambuliwa.