Stu Ungar: bingwa wa karata aliyeshindwa na farasi

Jumamosi jioni, katika komini za Kenya, Katuba na Kamalondo hapa Lubumbashi, vijana wengi wanashika karatasi za pari na kungojea matokeo ya mpira wa Ulaya. Wengine wanasema hiyo ni kazi kama kazi ingine, mradi mtu awe na akili. Basi inafaa kujua historia ya Stu Ungar, Mmarekani aliyeishi kwa michezo ya feza maisha yake yote, na ambaye wengi wanamuona kuwa mwenye akili kupita wote waliokaa kwenye meza ya poka.

Ungar alizaliwa New York tarehe 8 Septemba 1953. Baba yake alikuwa na baa, na humo alipokea feza za watu waliocheza pari. Baba alipokufa, Stu alikuwa bado kijana mdogo. Mama naye akawa mgonjwa. Stu akaacha masomo, akaanza kulisha jamaa kwa karata.

Alianza na jin rami, mchezo wa watu wawili. Aliwashinda wote, hadi watu wakakataa kucheza naye. Mwaka 1977, mfanyabiashara Bob Stupak alimwekea dola 100,000, akisema hawezi kukumbuka karata zilizopita katika pakiti 6 zilizochanganywa, yaani karata 312, hadi kujua zilizobaki. Ungar alishinda. Habari zikaenea, na kasino zikamfungia mlango wa mchezo wa ishirini na moja.

Ndipo akaingia katika poka. Katika mchezo huu kila mtu anaficha karata zake, na mwenye karata mbaya anaweza kuongeza feza mezani ili mwenzake aogope na kutupa zake. Mchezaji hapambani na kasino. Anapambana na mtu aliyekaa mbele yake. Ungar alijua kumsoma mtu huyo. Mwaka 1980 alishinda mashindano makuu ya dunia ya poka kule Las Vegas, akimshinda Doyle Brunson aliyekuwa bingwa mara 2. Mwaka 1981 akashinda tena.

Sasa, feza hizo zilienda wapi? Alichopata mezani usiku, alikipoteza mchana kwenye mbio za farasi, kwenye pari za michezo na kwenye gofu. Mbele ya mtu mwenye karata, akili yake ilimsaidia. Mbele ya farasi, hakuwa na la kufanya: farasi hatishiki, wala hasomeki usoni. Hapo bingwa wa dunia alikuwa sawa na mtu yeyote mwenye karatasi mkononi.

Kokaini ikamaliza kilichobaki. Mwaka 1990, katika mashindano yale yale, alikutwa chumbani hotelini amezimia siku ya tatu. Alikuwa amekusanya feza nyingi mezani hivi kwamba, ingawa kiti chake kilikuwa kitupu, alimaliza wa 9.

Mwaka 1997 hakuwa hata na dola 10,000 za kuingilia. Rafiki yake Billy Baxter akamlipia. Kati ya wachezaji 312, Ungar akashinda mara ya tatu, akapewa dola milioni 1 na kugawana na Baxter. Hadi leo ni Johnny Moss peke yake aliyefikisha ushindi 3 kama yeye. Baada ya miezi michache sehemu yake ilikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata Baxter alimlipia tena, lakini Ungar hakushuka kucheza.

Tarehe 22 Novemba 1998 alikutwa amekufa katika hoteli ndogo ya Las Vegas, akiwa na miaka 45. Moyo ulikuwa umechoka kwa madawa ya miaka mingi. Feza zilizokutwa kwake zilikuwa karibu dola 800, na rafiki zake walichanga ili azikwe.

Kijana wa Katuba anayesema ana akili ya pari, huenda anayo kweli. Ungar pia alikuwa nayo, na mezani ilimletea mamilioni. Lakini mpira unaochezwa Ulaya ni kama wale farasi: haujui nani ameweka feza zake, wala haumwogopi.