Siku 75 za shamba

Najua nilipotea, ni majaribio mfululizo, hata kufua sijafua. Leo nimepata upenyo, ngoja niwape historia kidogo.

Juzi usiku dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, anakaa chumba cha jirani, alinigongea mlango. "Kaka, mimi naona nirudi tu nyumbani." Ana sapu tatu, bumu limeisha, na baba yake ni mkata mkonge kama baba yangu. Nikamwambia "vumilia mdogo wangu", akaitikia, akaondoka. Baadaye nikajisikia vibaya, maana neno hilo hilo niliambiwa na mimi mwaka wa kwanza na halikunisaidia kitu.

Babu yangu alitoka Kigoma miaka ya 1950 kuja kwenye mkonge Tanga. Alikuwa manamba. Jina lenyewe mnajua lilikotoka: ukiandikishwa unapewa namba. Mshahara ulikwenda kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, siku yako inawekwa alama. Ukiumwa au ukishindwa kumaliza, siku hiyo haipo. Babu alikuwa anasema yeye aliishi kwa kuhesabiwa. Mambo ya shule hayakuwemo kwenye kadi ile.

Sasa katika kusoma soma mambo ya historia ya elimu nikakutana na hesabu ya siku kama ile, ila imegeuzwa ikamfaa mwenye nayo. Ni ya Marekani, nifuateni pole pole.

Kule kuna familia zinazoishi kwa kufuata mavuno, wengi wao wana asili ya Mexico. Familia za kusini mwa Texas zilikuwa zinafunga virago kabla shule hazijafungwa, zinakwenda kaskazini, Michigan, Ohio au Minnesota, kupalilia na kuvuna. Wanarudi wakati wenzao wameshaanza muhula zamani. Mtoto anaanza darasa hapa, anamalizia kule, au hamalizii kabisa. Hata César Chávez, yule kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, aliishia darasa la nane. Na sheria yao ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 iliwaacha nje watu wa mashambani mpaka 1966!

Mwezi Novemba 1960, siku moja baada ya sikukuu yao ya Shukrani, televisheni ya CBS ilionyesha filamu ya Harvest of Shame ya mtangazaji Edward R. Murrow. Watu wameshiba, ndiyo wanaonyeshwa aliyevuna chakula chao analala wapi. Baada ya hapo mambo yakaanza kusogea. Mwaka 1966 serikali kuu ikatenga fedha za elimu kwa watoto wa wahamiaji hao. Mwaka 1967 ukaja mpango wa kuwasaidia waliokatisha sekondari wapate cheti. Halafu 1972 ukaanza mpango wa chuo unaoitwa CAMP. Chuo kikuu cha St. Edward's, pale Austin, Texas, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuupokea.

Jamani, hapa ndipo nilipokaa kitako. Mpango ule hauishii kumtafutia mtoto nafasi ya chuo. Unamshika mkono mwaka wa kwanza wote: masomo ya ziada, mshauri wa kuongea naye, posho kidogo, msaada wa malazi na chakula. Waligundua kwamba kuingia chuo ni jambo moja na kubaki ni jingine, na wengi wanaangukia pale mwanzo. Na ili ukubaliwe, njia mojawapo ni kuonyesha kwamba wewe au mzazi wako mmefanya kazi ya shamba ya msimu angalau siku 75 ndani ya miezi 24. Yaani siku zile zile zilizokuwa zinamharibia mtoto shule, sasa ndizo zinamfungulia mlango. Kipande cha babu kilihesabu siku ili alipwe ujira mdogo. Huku wanahesabu ili mjukuu asidisko.

Sisemi kule ni peponi. Asiye na makaratasi ya kuishi nchini hapati, na mashambani hao ni wengi sana. Tena mwaka 2025 serikali ya Trump ilipendekeza kwenye bajeti fedha za mpango huu zifutwe kabisa.

Mtu atasema mbona wapo waliotoka wenyewe. Ni kweli, yupo Tomás Rivera, mtoto wa wafuata mavuno aliyezaliwa Crystal City, Texas, 1935, akawa mwandishi, na mwaka 1979 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha California pale Riverside. Lakini tukimtaja mmoja aliyepita kwenye tundu la sindano, tusisahau kuuliza waliobaki nje ni wangapi. Mimi mwenyewe nilibaki chuoni kwa sababu kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinipa madaftari yake na kila jioni akanikalisha chini. Asingekuwepo, leo ningekuwa nakata mkonge.

Basi jana nikamgongea dogo mlango mimi. Nikamwonyesha matokeo yangu ya mwaka wa kwanza, sapu mbili zimekaa pale, akacheka kwa mara ya kwanza. Bumu sina la kumpa. Tumepanga siku tatu kwa wiki maktaba, na Jumatatu nakwenda naye kwa mshauri wa wanafunzi, maana peke yake anaogopa kuingia ofisini.

Mkuki huo hausubiri serikali wadau. Wa mwaka wa tatu mliopo, angalieni chumba cha jirani. Mimi naishia hapa, saa kumi na mbili hii na dogo ananisubiri nje na daftari.