Tiketi ya mpira: shida ni bei ama ni geti?

1/ Kila kombe likikaribia, mjadala ni ule ule. Huyu anasema tiketi rahisi huleta fujo. Yule anasema mpira ni wa mwananchi. Wacha tuangalie historia.

2/ 1987: Gor Mahia wanachukua Kombe la Washindi Afrika pale Kasarani. Bado tunajivunia, na waliowashangilia wengi hawakuwa watu wa VIP.

3/ Oktoba 2010: Gor na AFC Leopards, uwanja wa Nyayo. Watu 7 wanakufa kwa msongamano wakiingia. Hiyo haikuwa bei jameni, ilikuwa geti.

4/ Agosti 2025: CHAN. Watu wanaingia Kasarani bila tiketi. Mechi na Zambia, CAF inapunguza mashabiki hadi 27,000, tiketi za mtandaoni pekee. Geti tena.

5/ Sasa AFCON 2027 inakuja. Mimi naishi Karen. Nikienda tao kwa Ngong Road napita karibu na uwanja wa Talanta, viti 60,000. Pesa zimetoka kwa hati fungani ya takriban shilingi bilioni 45, riba 15%. Deni kama hilo lina njaa, na tiketi ndiyo chakula kilicho karibu.

6/ Soja wetu hutembea kutoka Kawangware kuokoa nauli. Ameniuliza tiketi itakuwa ngapi. Mwanasiasa akija kuomba kura, muulizeni hivyo hivyo: viti vingapi, kwa bei gani, na geti litasimamiwa na nani?